Marehemu Ameacha Watoto 45

Katika daftari la misiba la kijiji chetu, hapa Nakivale, Uganda, upande wa Base Camp, kuna ukurasa ulioandikwa Jumamosi iliyopita kwa kalamu nyekundu: "Marehemu: Joachim Ngoi. Kazi: mwalimu. Kwao: Kamina. Ameacha watoto 45, wote wavulana." Chini yake wamepangwa waliochanga, halafu mstari mrefu umeikata orodha yote, halafu neno moja: "Muziki." Nimemwomba mwenyekiti auchane. Amekataa. Anasema daftari ni mali ya kijiji na kurasa zake zina namba.

Mfiwa ni mimi.

Chanzo ni spika niliyoinunua Mbarara, ya mtumba, kwa mchuuzi aliyeapa kwa jina la mama yake kwamba ni nzima. Na ni nzima, ila kitufe cha kupunguza sauti kimebaki pambo. Cha kuongeza kinafanya kazi vizuri sana. Muziki wenyewe ulitoka kwa kijana anayechaji simu kwa sola karibu na soko. Ukimpa kadi ya memori na shilingi elfu moja anakujazia nyimbo bila kuuliza unapenda nini. Safari hii, katikati ya ndombolo na kwaya za walokole, alinitupia folda iliyoandikwa MISA. Ndani mlikuwa na Missa Luba.

Hapa naomba uvumilivu, maana jambo hili nikilianza huwa sinyamazi.

Mwaka 1953 padri Mfransisko kutoka Ubelgiji, Guido Haazen, alipewa kuongoza shule moja Kamina, Katanga. Akaunda kwaya ya wavulana wapatao 45, wa miaka 9 hadi 14, pamoja na walimu 15, akaipa jina la mfalme wake: Les Troubadours du Roi Baudouin. Kutokana na nyimbo walizokuja nazo wenyewe ikazaliwa misa nzima ya Kilatini, bila karatasi ya nota. Mmoja anaanzisha, wengine wanapokea, ngoma inaamua mwendo. Kilichonoga kinarudiwa kesho, kilichopwaya kinasahauliwa palepale. Nota ziliandikwa baadaye sana, watu wakiwa wameshamaliza kuimba. Misa hiyo iliadhimishwa Kamina mwezi Machi 1958, na mwaka huohuo kwaya ikapelekwa Ulaya, ikaimba kwenye maonyesho makubwa ya Brussels na kurekodiwa na Philips. Mwaka huohuo pia ndipo Nakivale ilipoanzishwa kuwa kambi ya wakimbizi.

Lakini utamu uko ndani. Maneno ya Kyrie ni machache mno: Bwana utuhurumie, Kristo utuhurumie, basi. Maneno yakiwa haba, mwimbaji anabaki na uwanja mpana, na watu wa Kamina waliujaza uwanja huo kwa kasala. Kasala kwa Waluba ni utungo wa kumtaja mtu: jina lake, majina yake ya sifa, baba yake, babu yake, waliomzaa na waliomtangulia. Msibani, anayeijua kasala huwataja wafu mmoja baada ya mwingine, mpaka hata yule aliyekuja kwa adabu tu anajikuta analia wa kwake. Sauti ya mmoja inapanda peke yake, inaanza kuteremka, na kabla haijafika chini wenzake wameshaidaka. Sanctus nayo imesimama juu ya wimbo wa kuagana. Kisha, bila hodi, inaingia Hosanna kwa mwendo wa ngoma ya kuchezwa ya Kasai.

Maombolezo, kuagana, dansi. Mpangilio huo ndio ulioniangamiza.

Nilifungulia Kyrie saa kumi na mbili jioni, spika ikiwa dirishani. Haukupita muda akaja mama jirani, kitenge amejifunga kichwani, akakaa chini mlangoni bila kusalimia. Nikaona ameguswa. Alipoinua uso akaniuliza, "Ni nani, papa?"

Katika maisha yangu hakuna aliyewahi kuniuliza jina la mwimbaji wa Missa Luba. Nilikaribia kumkumbatia. "Joachim Ngoi!"

"Wa wapi?"

"Kamina. Alikuwa mwalimu. Lakini ile sauti, mama! Sauti kama ile hatuisikii tena."

Akaufunika uso kwa kitenge. Mimi nikaongeza sauti.

Wakafuata mama wawili na mizigo ya kuni. Wakafuata vijana na mabenchi ya kanisa. Akafika mwenyekiti na daftari, akakohoa. Kwa kelele ile tulikuwa tunasomana midomo zaidi ya kusikilizana.

"Pole. Habari umeipata lini?"

"Wiki hii tu, kwa simu."

"Ya mwaka gani?"

"1958."

Akaandika, akatikisa kichwa. "Alikuwa mtu mzima. Watoto?"

"45."

Kalamu ikasimama. "Wavulana kwa wasichana?"

"Wavulana tupu. Miaka 9 hadi 14."

"Wote?"

"Wote. Na walimu 15."

Mwenyekiti akawageukia wazee kwenye benchi. Wazee wakatafakari. Mmoja wao akatoa uamuzi kwamba kwa watoto 45 walimu 15 ni wachache.

Ilipoingia Sanctus, bibi mmoja mwenye asili ya Kasai alisimama. Alianza taratibu, kwa lugha yake, kuwataja wafu wake. Aliwataja juu ya zile sauti za watoto, kila jina likianguka mahali pake, na hapo ndipo nilipoelewa kinachoendelea uani kwangu. Nilitaka kusema. Ungemkatizaje?

Hosanna ilimkatiza.

Ngoma zilipopasuka, watoto wa kijiji walifanya linalopaswa kufanywa ngoma ya Kasai ikilia: walicheza. Bibi akanyamaza katikati ya jina. Watu wazima wote wakanigeukia mimi, mfiwa, niliyekuwa nikiiminya ile spika kila mahali isipokuwa panapofaa. Niliifunika kwa blanketi, Hosanna ikaendelea chini ya blanketi. Niliiingiza chini ya kitanda, kitanda kikaimba. Betri yake imefungiwa ndani. Tuliingoja pamoja, kijiji kizima kimekaa, mpaka ilipokata roho yenyewe.

Michango ilirudishwa kwa kufuata orodha, kila jina likisomwa kwa sauti. Kuni ndizo zilizoleta kesi. Mama mmoja alisema kuni zilizobebwa kwa ajili ya msiba hazirudi nyumbani, zitamfuata mwenye nyumba. Wazee wakaafiki haraka mno, nadhani kwa kuwa walikuwa na njaa. Kuni zikapikiwa bugali na maharage yangu, watu wakala, wakanipa pole ya kweli.

Nimewaza sana tangu siku hiyo, na si yote ya kuchekesha. Pasolini aliichukua Gloria ya misa hii kwa filamu yake ya Injili mwaka 1964. Lindsay Anderson aliichukua Sanctus mwaka 1968 kwa filamu yake ya wanafunzi waasi wa Uingereza. Mamilioni wameisikiliza wakiwa wamekaa vitini, wakasema ni nzuri. Majirani zangu hawakusema ni nzuri. Waliinuka wakatafuta kuni. Kati ya wasikilizaji wote wa rekodi hii ninaowafahamu, ni wao tu waliofanya kile ambacho wimbo wenyewe uliwaagiza.

Na kasala ni kazi ya kutaja majina. Katika rekodi hii dunia imebaki na jina la mfalme, la padri na la mwimbaji mmoja. Wavulana 45 wamebaki kuwa 45. Hapa Nakivale tunalifahamu jambo hilo bila kufundishwa: ukipanga mstari ukafika mbele ya meza ukasema jina lako kamili na la baba yako, karani anakungoja umalize, kisha anauliza namba ya familia. Mtu anayejua kasala akisimama kwenye mstari ule angekuwa na kazi moja tu, kukohoa. Nikifika hapa kicheko kinanikwama.

Yaliyofuata ni madogo. Kwenye teksi ya kwenda Mbarara nilifungulia entenga, ngoma 15 za ikulu ya Kabaka, mfalme wa Buganda, 12 kati yake zimepangwa sauti zikapiga wimbo, alizozirekodi Hugh Tracey kabla ikulu hiyo haijashambuliwa mwaka 1966. Dereva akasimama barabarani kukagua tairi la nyuma. Mwenye teksi bado ananidai muda wake.

Mjini nikampelekea fundi simu ile spika. Kuijaribu akacheza kazi ya Justinian Tamusuza, Mganda aliyewaandikia wapiga fidla, ile ambayo Kronos Quartet wa Marekani waliitoa katika albamu yao ya Pieces of Africa mwaka 1992. Nyuzi zinadonolewa na kupokezana mfano wa amadinda, marimba ya Waganda. Fundi akasikiliza, akafungua spika, akapuliza vumbi, akafunga, akacheza tena, akafungua tena. Mwishowe akatangaza kwamba kitufe kimepona lakini huo mkwaruzo umo ndani ya wimbo. Nikamweleza kwamba hakuna mkwaruzo, mtunzi alikuwa mwalimu wa muziki Makerere na ameukusudia uwe hivyo. Akanidai elfu tano za kitufe, akaniambia mwalimu naye aje na fidla zake, atamfanyia bei ya rafiki.