Waziri wa Kuponi

Katika ukoo wetu waziri wa kuponi ni shangazi wa Columbus, ingawa hakuna aliyempigia kura. Sisi tuko Louisville. Ukishika I-71 unafika kwake, unaendelea hadi Cleveland, kisha I-90 inakupeleka mashariki mpaka Buffalo kwa shemeji. Njia hiyo hupitisha sombe iliyogandishwa, vitenge, watoto wa likizo, na siku hizi bahasha za kuponi.

Kuponi za gazeti la Jumapili shangazi hazitaki; hizo kila mtu anazijua. Yeye huwinda zilizojificha: karatasi inayotemwa na kimashine pembeni mwa kaunta ukishalipa, ambayo wenye haraka huiacha hapo hapo, kijitabu kinachoning'inia shingoni mwa chupa, punguzo lililolala ndani ya boksi la sabuni, usiloliona mpaka umeshanunua. Kisha huturushia sauti ya WhatsApp, ndefu kuliko mahubiri: "Wanangu, pesa imelala sakafuni, inameni!"

Mke wangu akainama. Kabati likajaa haradali. Sisi ni watu wa Uvira tuliopitia kambi ya Nyarugusu, na haradali hatujui ina kazi gani mbele ya ugali wa muhogo. Lakini kuponi ya kiwanda ikikutana na punguzo la wiki, chupa inashuka hadi senti kadhaa, na mama watoto haachi chupa ya senti dukani. Ikafuata krimu ya kunyolea (sina ndevu za kutajwa), kisha chakula cha paka. Paka hatuna. Watoto wakaanza kuuliza kama kuna kuponi ya paka.

Mimi simlaumu shangazi. Kuponi ni tangazo tangu zamani: Coca-Cola iligawa vikaratasi vya glasi ya bure mwishoni mwa miaka ya 1880 ili watu waonje kinywaji kigeni kwao. Sombe haina kiwanda cha kuitangaza, na dagaa hakuna anayekulipa uwaonje. Ndiyo maana kabati linajaa na sufuria inabaki vile vile.

Buffalo ndiko mambo yalikoharibikia. Shemeji alifika kaunta na toroli imefurika na bahasha ya shangazi mkononi. Kuponi ya kiwanda hupokelewa karibu kila duka; ya duka haitoki nje ya duka lake, na shangazi alikuwa amezichanganya. Nyingi zilikuwa za duka lenye matawi Ohio na Kentucky, lisilo na hata tawi moja New York. Keshia akajaribu moja baada ya nyingine, mashine ikakataa moja baada ya nyingine. Shemeji, kwa ukaidi wake, akampigia shangazi simu ya video papo hapo, akamwelekezea keshia. Shangazi akamtetea kwa hoja nzito, zote kwa Kiswahili. Foleni nzima ikahamia kaunta ya jirani.

Wakati huo kuponi iliyotufaa kuliko zote ilikuwa nyumbani kwetu, chini ya kochi.

Mama yangu, Bibi wa nyumba, hununua mboga soko la wakulima kwa kadi ya msaada wa chakula. Kuna mpango uitwao Kentucky Double Dollars: ukilipa kwa kadi hiyo kwenye masoko yanayoshiriki, unaongezewa dola kwa dola. Ohio mpango kama huo unaitwa Produce Perks, New York ni Double Up Food Bucks. Kijana wa sokoni alimweleza Bibi kwa Kiingereza, naye akaitikia "yes", kama tunavyoitikia sote. Vipande alivyopewa vya nyongeza hiyo akaenda navyo nyumbani, na watoto wakapata kete za dama.

Aliyetufumbua macho ni mama mmoja Mrundi auzaye lenga-lenga sokoni. Aliona mtoto wetu akichezea kipande kimoja. "Bibi, hii ni pesa!"

Jioni hiyo kochi liligeuzwa miguu juu. Watoto waligoma kutoa kete zilizokwisha kuwa mfalme mpaka mchezo uishe, ikabidi wapewe muda. Jumamosi Bibi akarudi na mafungu ya lenga-lenga, bilinganya na nyanya, akapiga picha, akaiweka kwenye kundi la ukoo bila neno hata moja.

Shangazi alinyamaza hadi usiku. Kisha sauti ikaingia, fupi ajabu: "Wifi, shemeji akipita huko, mpe hivyo vipande aniletee Columbus."

Mke wangu akawahi kujibu: "Shangazi, hivyo navyo ni vya soko lake. Muulize shemeji."

"Haya. Basi nitumieni haradali."

Shemeji alipopita tulimpakilia boksi zima, na chakula cha paka juu yake.