Bitana Haipatani na Beseni

Idi ikikaribia, au Krismasi, mapazia ya nusu ya mtaa huteremshwa kwa mkupuo. Hakuna anayeuliza kama yanafulika. Yana vumbi, basi yafuliwe. Kwa pazia jepesi la mlangoni, lile linalopepea kila mtu akipita, hoja hiyo haina dosari: asubuhi liko kwenye beseni, adhuhuri limekauka. Ninayemtetea hapa ni mkubwa wake, pazia zito la sebuleni, refu mpaka sakafuni, lenye bitana mgongoni. Hilo lisifuliwe nyumbani likiwa zima. Anayelitumbukiza majini anaanzisha ugomvi ambao sabuni haiwezi kuusuluhisha.

Ugomvi wenyewe unatokana na kwamba pazia hilo ni vitambaa viwili vilivyoozeshwa na fundi bila kuchunguzana tabia. Mara nyingi mbele huwa pamba na nyuma polista. Kiwandani nyuzi za pamba huvutwa, na zikilowa hulegea, kitambaa kikarudi. Polista haina habari hiyo. Chukua pazia la sentimita 250: pamba ikirudi asilimia 4 tu, sentimita 10 zimekwenda, na bitana imebaki na urefu wake ule ule. Kwa kuwa vimeshonwa pamoja juu na ubavuni, bitana itachungulia chini mbele ya wageni, na mishono ya pembeni itajikunyata. Piga pasi hadi luku iishe, haitanyooka, kwa sababu pasi haiongezi kitambaa. Bitana ya kuzuia mwanga kabisa, iliyopakwa tabaka mgongoni, ina hasira zaidi: maji ya moto na pasi kali huweza kulipasua tabaka hilo, na chumba cha kulala kikapata nyota zake mchana.

Wapo watakaosema bibi zetu walifua kila kitu kwa mkono. Walifua, lakini bibi hakuwa na pazia lenye bitana. Wengine watataja mashine ya kilo 7. Kilo hizo ni za nguo kavu, na hesabu ya uzito haisemi lolote kuhusu ukubwa: pazia likishiba maji hujikusanya upande mmoja wa pipa, na ikifika zamu ya kukamua, mashine huanza safari ya kuelekea mlangoni. Mkono nao haunusuru. Pamba hubeba maji hata mara mbili ya uzito wake, kwa hiyo pazia la kilo 3 hutoka kwenye beseni likikaribia kilo 9, na mapazia huja mawili mawili. Kilo 18 ni karibu sawa na ndoo ya lita 20 iliyojaa, nayo inatakiwa ining'inie kwenye kamba iliyofungwa kwa ajili ya soksi na sare za shule. Kamba italegea, pindo litagusa udongo, na kazi itaanza upya ikiwa na rangi nyekundu.

Kwa hiyo tukae na uchafu? Hapana. Sehemu kubwa ya uchafu wa pazia ni vumbi kavu ambalo halijashikamana na kitambaa. Ukililowesha ndipo linapogeuka tope. Brashi laini au mashine ya kufyonza vumbi, kuanzia juu kushuka chini, mara kwa mara bila kungoja sikukuu, hufanya zaidi ya beseni na haidai misuli. Doa lifutwe peke yake kwa kitambaa chenye unyevu. Dobi wa kusafisha bila maji ni ghali, sikatai, ila bei yake ilinganishwe na ya mapazia mapya, si na ya pakiti ya sabuni. Tena kumbuka kwamba bitana huwekwa ili jua liile yenyewe kabla ya kitambaa cha mbele; ikishapigwa miaka kadhaa nyuzi zake hudhoofika, na mikono miwili ya kukamua inatosha kuichana.

Kosa, basi, limeanzia kwenye cherehani. Safari ijayo mwombe fundi aloweke pamba na kuikausha kabla ya kukata, na bitana aitengeneze peke yake, itundikwe kwa kulabu zake ili ivuliwe bila mkasi. Atalalamika kwamba unamwongezea kazi. Mlipe nyongeza.