Tunasikitika Kuwajulisha

Kumb. Na. ASM/1/1980

Kwa Waheshimiwa Mawaziri wa Fedha,
Nchi Wanachama wa Jumuiya ya Afrika Mashariki.

YAH: ANDIKO LENU LA ASILIMIA MOJA KWA AJILI YA UTAFITI

Husikeni na kichwa cha habari hapo juu.

Tunawashukuru kwa kuwasilisha andiko lenu. Katika kipindi hiki Jopo lilipokea ahadi nyingi zenye ubora wa hali ya juu, na ushindani ulikuwa mkali. Baada ya tathmini ya kina, tunasikitika kuwajulisha kwamba safari hii hatukuweza kuliamini andiko lenu. Uamuzi huu usichukuliwe kuwa unapunguza thamani ya kazi yenu. Tunawatakia kila la heri mnapoendelea kutafuta wa kuwaamini kwingineko.

Msiishangae lugha hii, Waheshimiwa. Ndiyo tunayoandikiwa sisi wahadhiri kutoka Stockholm, London, Brussels na Seattle, na tumeihifadhi kichwani. Tofauti ni kwamba wafadhili wengi hawatoi sababu, ilhali Jopo hili, ambalo huketi kwenye chumba cha chai cha idara na halijawahi kulipwa posho ya kikao, limeona ni uungwana kuzitoa.

Kwanza, andiko si jipya. Asilimia 1 ya pato la taifa kwenda kwenye sayansi ilitajwa Lagos mwaka 1980, ndani ya mpango mkubwa wa uchumi wa bara letu. Ikarudi Khartoum Januari 2006, mara hii ikiwa na tarehe: ifikapo 2010. Mwaka 2010 ukafika, ukatukuta, ukapita. Ikarudi tena mwaka 2014 pamoja na mkakati wa sayansi wa miaka 10 wa Umoja wa Afrika, ule uliofikia kikomo 2024. Mwanafunzi wa uzamivu akiwasilisha pendekezo lile lile kwa miaka 44 bila kufika sura ya matokeo, kanuni za chuo zinajua la kumfanya.

Mheshimiwa wa Kenya ana kesi ya peke yake, maana wenzake waliahidi na yeye akatungiwa sheria. Sheria ya Sayansi, Teknolojia na Ubunifu ya 2013 inasema Mfuko wa Taifa wa Utafiti upewe na Hazina asilimia 2 ya pato la taifa kila mwaka wa fedha. Haikuandikwa "inapowezekana". Pato la taifa la Kenya limeshavuka shilingi trilioni 15, na asilimia 2 ya hizo ni bilioni 300. Mfuko haujawahi kuonja kiasi hicho, wala kukaribia harufu yake. Jopo lilijadili kama huku ni kuvunja sheria au ni utani wa Bunge, likaahirisha. Tanzania nayo ina Tume ya Sayansi na Teknolojia tangu 1986, na mfuko wa kuendeleza sayansi tangu 1995. Vyombo vipo. Hakuna mtafiti wa Afrika Mashariki aliyewahi kulalamikia uhaba wa mihuri.

Huenda mnajiuliza sisi tunaishije. Tunaishi kwa kutafuta. Mhadhiri wa chuo cha umma siku hizi ni mwalimu asubuhi na mwindaji usiku: viungo vya wito wa maandiko huzunguka kwenye makundi ya WhatsApp, kila kimoja na tarehe ya mwisho yake, saa 5:59 usiku kwa saa za Brussels, na unajikuta unapiga hesabu ya Brussels ni saa ngapi wakati umeme wa kwenu umekatika.

Tutoe mfano wa sumukuvu, ambayo ndiyo fani yangu. Mwaka 2004, mashariki mwa Kenya, hasa Makueni na Kitui, watu 317 waliugua baada ya kula mahindi yenye sumu hiyo, na 125 wakafariki. Mwaka 2016 ugonjwa huo huo ulizuka Dodoma na Manyara, nao ukaua. Hutokana na ukungu unaoota kwenye mahindi na karanga zilizohifadhiwa kabla ya kukauka sawasawa. Sumu yenyewe huioni kwa macho, na ukipika ugali haiondoki. Ukila nyingi kwa mkupuo, ini linakufa kwa siku chache. Ukila kidogo kidogo kwa miaka, unaikaribisha saratani. Maswali yake ni ya kwetu kabisa: mahindi ya Chemba, huko Dodoma, yaanikwe siku ngapi mvua ikikatika ikarudi, kihenge kipi kinafaa nyumba isiyo na fedha ya kununua mifuko maalumu, kipimo gani cha bei nafuu kinaweza kukaa soko la Kibaigwa mkulima akapimiwa kabla ya kuuza.

Nani atalipia maswali hayo? Mfadhili hana ubaya, ila ana msimu. Ulipokuwa msimu wa tabianchi niliandika kuhusu sumukuvu na mabadiliko ya tabianchi, na haukuwa uongo, kwa kuwa joto na ukame vinahusika kweli. Ulipokuja msimu wa jinsia nikaeleza kwamba wanaopukuchua ni akina mama, jambo ambalo kila mtu Kondoa analijua bila ruzuku. Wakati wa korona nilikaa kimya kidogo, kisha nikagundua uhusiano na kinga ya mwili. Sasa tuko kwenye akili unde, na andiko langu la karibuni linataka kamera ya simu itambue punje mbovu. Mahindi yenyewe hayana habari kwamba yamekuwa yakihama fani. Lile swali la siku ngapi za kuanika halijawahi kupata mfadhili, kwa sababu halina msimu.

Na hata likipata, mara nyingi linakuja na mwenyewe. Mtafiti mkuu yuko Ulaya, vipimo vinafanyika Ulaya, jina la kwanza kwenye makala ni la Ulaya, nami kwenye mkataba naitwa "mshirika wa Kusini", kama mtu wa Mtwara, hali kwetu ni Kondoa. Kazi yangu ni kukusanya sampuli, kutafuta vibali na kumtafsiria mkulima swali ambalo hakuliuliza. Profesa Mahmood Mamdani alilipigia kelele jambo hili Chuo Kikuu cha Makerere mwaka 2011: chuo kinachoishi kwa ushauri elekezi hujifunza kujibu maswali ya mteja na kusahau namna ya kuuliza ya kwake. Alisikilizwa kwa heshima kubwa. Kisha tukarudi kutafuta wateja.

Waheshimiwa, naomba niwasimulie kuhusu NATO.

Chuo chochote kilicho nje ya Marekani kikitaka ruzuku ya moja kwa moja ya serikali ya nchi hiyo, sharti kwanza kijisajili kwenye mfumo wao wa wanaofanya biashara na serikali. Na ili kijisajili huko, hadi miaka ya karibuni kilitakiwa kipate namba iitwayo NCAGE. Hiyo N ya mwanzo ni ya NATO. Ni utaratibu uliobuniwa kutambua wanaoziuzia vifaa serikali na majeshi ya jumuiya hiyo ya kujihami, na baadaye ukaachwa utambue kila mtu. Hivyo basi, ili kupima ukungu kwenye mahindi ya Chemba, chuo cha Tanzania kiliingizwa daftari moja na wauza vifaru. Tulipomaliza hapo ndipo tuliporuhusiwa kuandika andiko. Sijawahi kumpata mtu wa kumwuliza kama tukivamiwa watakuja kututetea.

Yapo pia ya gharama za uendeshaji, ambayo wengi wenu hamjawahi kuelezwa kwa sababu wahasibu wetu wanaona aibu. Chuo kikubwa cha Marekani kikipewa na serikali yake dola 100 za utafiti, huongezewa dola 50 au zaidi za umeme, majengo, wahasibu, na ile ofisi yenye watu wanaoamka asubuhi wakiwa na kazi moja tu, kutafuta ruzuku nyingine. Chuo cha nje, kwa fedha za utafiti wa afya za serikali hiyo hiyo, kwa miaka mingi kimewekewa kikomo cha dola 8. Kwa dola 8 unapata mtu mmoja, ambaye ana vipindi vya kufundisha, na ubao wa matangazo. Halafu tunaulizwa kwa nini maandiko yetu hayana ushindani.

Lakini sasa hata huko kwenye dola 8 kunafungwa. Uingereza ilikata misaada yake mwaka 2021, na miradi ya utafiti iliyokuwa imeshaanza ikaambiwa fedha hazitoshi. Sweden, iliyosomesha wahadhiri wengi wa vyuo vyetu tangu miaka ya 1970, mwaka 2023 iliamua kusitisha fedha za utafiti wa maendeleo zilizokuwa zikipitia baraza lake la utafiti. Januari 2025 Marekani ilisimamisha misaada ya nje kwa saini moja, na ilipofika Julai mosi shirika lake la misaada, USAID, halikuwa likitoa misaada tena. Mei ya mwaka huo taasisi zao za utafiti wa afya zilisitisha mtindo wa chuo cha kwao kupokea fedha na kukipa chuo cha nje sehemu yake. Miradi ilisimama katikati, sampuli zikiwa kwenye jokofu na wasaidizi wakiwa kijijini wakisubiri nauli ya kurudi.

Hatuwezi kuwanunia. Fedha ni zao, na wana wapiga kura wao. Jopo limeuliza swali jingine: siku ile, Januari, ni Waziri gani wa Fedha wa Jumuiya yetu aliyepiga simu chuo chochote cha nchi yake akauliza, "Poleni, pengo ni kiasi gani?"

Kuna jambo tunalazimika kuliweka wazi. Kila andiko la mfadhili lina kipengele cha uendelevu: mradi ukiisha, nani ataendeleza? Sote, kuanzia Mombasa hadi Mbeya, kutoka Kampala hadi Bujumbura, tunaandika sentensi moja ambayo nadhani tulirithishana pamoja na madawati: "Baada ya mradi kumalizika, Serikali itaendeleza shughuli hizi kupitia bajeti yake." Jina lenu limetumika hivyo kwa miongo mingi bila idhini yenu. Wafadhili nao wameisoma, wakatikisa kichwa kukubali, wakatoa alama. Ni mojawapo ya riwaya zilizoandikwa na watu wengi zaidi katika historia ya kanda yetu, na haijawahi kupata tuzo.

Mkitaka kuona serikali inavyolipia utafiti wake yenyewe, nendeni Amani, juu kwenye Usambara Mashariki. Mwaka 1902 Wajerumani waliweka huko taasisi ya utafiti wa kilimo. Walitaka kujua kahawa, mpira na mkwinini vitastawi vipi kwenye ardhi waliyoipora, na serikali yao ikalipa. Waingereza wakaja, wakaendelea, na ni watafiti wa hapo hapo Amani walioueleza kisayansi ugonjwa wa michirizi kahawia wa mihogo katika miaka ya 1930, ugonjwa ambao mpaka leo unaozesha muhogo wa mkulima wetu ardhini. Hatuwasifu watu wale. Tunachosema ni kwamba mnyang'anyi alilipia maswali yake mwenyewe. Sisi wenye shamba tunangoja tuulizwe na jirani.

Kwa hiyo Jopo limewapa alama zifuatazo: kwa umuhimu wa mada, 10 kati ya 10. Kwa uzoefu wa waombaji katika kuahidi, 10 kati ya 10. Kwa utekelezaji, Jopo lilishindwa kupata cha kusahihisha.

Mnaruhusiwa kuwasilisha upya. Masharti si mengi. Liandikwe kwa Kiswahili, lugha ya kazi ya Umoja wa Afrika tangu 2022, ambayo hadi leo sijaona fomu ya ruzuku inayoikubali, hata kwa utafiti wa ushairi wa Kiswahili. Liwe na tarakimu moja ya shilingi, isiyotanguliwa na maneno "tunadhamiria" au "kwa kadiri bajeti itakavyoruhusu". Liambatanishwe na taarifa ya benki inayoonyesha kwamba fedha ziliingia. Hotuba haitapokelewa kama kiambatisho, hata ikiwa na picha. Kwenye kamati ya kuchagua maswali awepo mkulima wa mahindi, naye alipwe posho ile ile anayolipwa profesa. Fedha zitolewe robo ya kwanza ya mwaka, kwa kuwa mahindi huvunwa kwa wakati wake na hayangoji mgawo wa Mei unaotakiwa kutolewa hesabu kabla ya tarehe 30 Juni.

Mwisho wa kupokea ni siku ya kusomwa bajeti, Alhamisi ile ya Juni mnapopigwa picha na mikoba. Mfumo hufungwa saa 5:59 usiku, kwa saa za Chemba. Maandiko yatakayochelewa hayatafunguliwa, na Jopo halitajibu barua pepe za kuulizia.

Wenu katika ujenzi wa taifa,

Mwenyekiti wa Jopo
(Mhadhiri Mwandamizi, mshirika wa Kusini)

Nakala: Kamisheni ya Umoja wa Afrika, Addis Ababa – kwa taarifa.
Spika wa Bunge la Kenya – aone ukurasa wa asilimia 2.
Makao Makuu ya NATO, Brussels – kwa kuwa tumo kwenye daftari.
Mhasibu wa Chuo – tafadhali lipia stempu, risiti nitaleta.