Hamsini na Mbili Toa Kumi na Saba

Jana alasiri nimetiwa kosa. Kosa jekundu, refu, pembe hadi pembe, kwa kalamu yangu mwenyewe, na aliyenitia ni mjukuu wangu mwenye miaka minane. Chini yake akaandika "Jaribu tena, Bibi", akanirudishia daftari kwa mikono miwili kama alivyofunzwa adabu. Jirani aliyekuja kuomba chumvi alikuwa amesimama mlangoni. Alicheka hata akaenda zake bila chumvi.

Na jibu langu lilikuwa sawa, lijulikane hilo mapema. Hesabu yenyewe ni 52 toa 17. Mimi nimepata 35, yeye kapata 35. Kosa, eti, ni njia niliyopita.

Njia yangu ndiyo hii. Mbili toa saba haitoki, basi nakopa moja, mbili inakuwa kumi na mbili. Toa saba, zabaki tano. Sasa deni. Nimekopa juu, nalipa chini: ile moja ya kumi na saba naiongezea moja, inakuwa mbili. Tano toa mbili, tatu. Thelathini na tano, na hakuna anayenidai. Mtoto akaniuliza, "Lakini Bibi, ulikopa kwa nani? Na mbona unamlipa mwengine?"

Swali kama hilo mwalimu wetu angelijibu kwa bakora, ndiyo maana hatukuwahi kuliuliza. Likanikosesha usingizi. Kumbe hakuna aliyekopesha! Juu nimeongeza kumi, nikaziweka kwenye mamoja. Chini nimeongeza kumi vilevile, nikaiweka kwenye makumi. Na namba mbili ukiziongezea kiasi kimoja, tofauti yake haiguswi. Marehemu babu yake alinizidi miaka tisa siku ya nikahi, na alinizidi miaka tisa ileile siku aliyofariki, ingawa katikati tulizeeka sote. Saa nane za usiku nikawa nimeketi kitandani nachekelea peke yangu.

Njia ya mjukuu ilianza kwa kunivunjia ufagio. Alilifungua fagio langu la chelewa, akakatakata njiti, akazifunga kumi kumi kwa mipira ya kufungia pesa. Akaniwekea mkekani mafungu matano na njiti mbili. "Nataka kutoa saba, sina. Navunja fungu." Mpira ukaruka, njiti kumi zikatawanyika. Sasa ana mafungu manne na njiti kumi na mbili. Akatoa saba, zikabaki tano. Akatoa fungu moja, yakabaki matatu. "Umeona Bibi? Sikukopa. Nimechenji."

Ilipendeza. Ilipendeza hata nikasahau kwamba uwanja wangu utafagiwa kwa mkono.

Lakini mimi si mtu wa kunyamaza. Nikamwandikia 1,000 toa 468. Kwenye mamoja hana, akaenda kwenye makumi, sifuri, mamia, sifuri, ikabidi apande hadi kwenye elfu, aivunje iwe mamia kumi, avunje mia moja iwe makumi kumi, avunje kumi moja iwe mamoja, huku akifutafuta na kuandika vinamba vidogo juu ya vingine mpaka karatasi ikatoboka. Mimi na madeni yangu nilikwisha fika 532 zamani. Na ufagio mzima haukutosha njiti elfu.

Na si hesabu tu. Kiingereza ananisahihisha matamshi. Kazi ya shule ya sanamu la kutishia ndege, tulilitengeneza kwa kanzu kuukuu ya babu yake, na kunguru wa Mombasa wakalitulia kichwani.

Mimi nimesoma mfumo wa 7-4-2-3. Mama wa wajukuu amesoma 8-4-4, iliyoanza 1985. Wajukuu wenyewe wamo kwenye mtaala wa umilisi ulioingia madarasani Kenya nzima 2019, nao ni 2-6-3-3-3. Nimejumlisha miaka kwa njia yangu: kumi na sita, kumi na sita, kumi na saba, na katika hizo kumi na saba, miaka miwili ni ya chekechea. Kila mfumo ukibadilishwa, walimu huitwa kwenye mafunzo. Bibi haitwi.

Tena si kwamba niliomba kazi hii. Shule iliwarudisha nyumbani kwa salio la karo, ila kazi za ziada zaja kwa simu kila jioni: mzazi amsaidie mwanafunzi. Mzazi yuko Ghuba, anapika na kufua katika nyumba za watu. Simlaumu kwa kwenda. Aliniachia wana kwa muhula mmoja, muhula ukazaa muhula. Bando natia mimi, kuchapisha picha saiba naenda mimi, na goti hili. Wajomba zao walioko Nairobi hunipigia Jumapili kunishauri niwafunze kompyuta. Nimeshawaambia nani alikopa juu na nani analipa huku chini. Wakacheka, wakasema Bibi ana vituko.

Basi nyinyi mliotuachia wana, nawaomba. Mkipiga simu, kabla ya kuuliza watoto wamesoma nini, ulizeni tumekula nini. Na pesa mtume kabla ya tarehe tano, kwa sababu mwenye duka naye ana daftari lake, na njia yake ya kutoa ni moja tu: anatoa jina langu mbele ya wateja.