Barua ya Wazi kwa Benki Kuu ya Tanzania

YAH: UKAIDI WA VIJANA WENYE SIMU

Kwa heshima kubwa, barua hii inawasilisha kwa Benki Kuu shauri la vijana ambao, kama inavyosemwa majukwaani kila inapofika Wiki ya Huduma za Fedha, hawaweki akiba kwenye simu kwa sababu wamekosa elimu ya fedha. Elimu hiyo, kwa maana inayotolewa kwenye mabanda ya maonyesho, ni uwezo wa mtu kupanga mapato yake, kupima gharama na kuepuka hasara. Na kwa maana hiyo wahitimu wamekwisha kupatikana, tena bila semina, fulana wala kofia, ila hawajapewa vyeti.

Kijana anayetumiwa fedha na ndugu yake humwomba atume "na ya kutolea", yaani nyongeza ya kufidia ada itakayokatwa pale salio litakapogeuzwa noti kwa wakala. Ombi hilo linadhihirisha kwamba pande zote mbili zimekubaliana tangu mwanzo kuwa fedha zinapita tu kwenye simu, wala hazikusudiwi kulala humo. Muuza chipsi naye, hata kama amebandika ukutani Lipa Namba, ambayo ni namba ya mfanyabiashara ya kupokelea malipo, mara nyingi huulizia kwanza kama mteja ana taslimu. Wataalamu huiita hali hii uhaba wa uelewa, ingawa asiye mtaalamu angeweza kudhani ni hesabu ya kutoa tu.

Somo kuu la mtaala huu lilianza tarehe 15 Julai 2021, Serikali ilipoanzisha tozo ya miamala, yaani makato ya Hazina yaliyoongezwa juu ya ada ya kampuni, kuanzia shilingi 10 hadi 10,000 kwa muamala kulingana na kiasi kilichotumwa au kutolewa. Septemba tozo ikapunguzwa kwa asilimia 30, Julai 2022 ikasogezwa hadi kwenye miamala ya benki, na bajeti ya 2023/24 ikaifuta kwenye kutuma. Ni kweli, na haki inataka lisemwe, kwamba tozo ilitungwa na Wizara ya Fedha na kupitishwa na Bunge, si Benki Kuu. Lakini ujumbe wa simu hauonyeshi mgawanyo wa madaraka, unaonyesha salio lililobaki. Kijana alijifunza kwamba bei ya kugusa fedha zake mwenyewe hubadilika bila yeye kuulizwa, hakusahau, na sasa analaumiwa kwa kutosahau.

Isidaiwe, hata hivyo, kwamba vijana hawaamini chochote. Waliziamini programu za mikopo ya haraka, zile ambazo mtaani huitwa kausha damu, ambazo kabla ya kutoa shilingi ziliomba ruhusa ya kusoma namba zote zilizohifadhiwa kwenye simu, kisha marejesho yalipochelewa zikawaandikia shangazi, bosi na mkwe wa mdaiwa. Novemba 2024 Benki Kuu ilitangaza majukwaa na programu 69 zilizokuwa zikikopesha bila leseni, idadi inayothibitisha kwamba soko lina bidii na msimamizi wake ana subira. Usajili wa laini kwa alama za vidole, ulioanza 2019 chini ya mamlaka nyingine, nao ulikusudiwa kumfanya kila mwenye laini ajulikane, na kweli wote wanajulikana isipokuwa yule tapeli anayeandika "ile hela tuma kwenye namba hii".

La ajabu ni kwamba sehemu iliyo imara zaidi ya mfumo huu wa fedha za simu haina tangazo. Kanuni za fedha za kielektroniki za mwaka 2015 zinaitaka kampuni inayotoa huduma hiyo iweke benki, katika akaunti ya dhamana iliyotengwa na mali zake, fedha zinazolingana na salio la wateja wote, ili kampuni ikiyumba fedha hizo zisiyumbe nayo. Habari hii, ambayo ingemfaa sana kijana mwenye wasiwasi, imehifadhiwa kwa usalama uleule wa fedha zenyewe.

Benki inaombwa, basi, iitoe habari hiyo hadharani, na ada zote zionekane kabla ya kubonyeza, si baada yake. Kama semina nyingine haina budi kufanyika, posho za wakufunzi na wageni waalikwa zilipwe zote kwa simu, bila kuongezewa ya kutolea.