Kukimbia kwa Pampu: Maana za Kitenzi Kimoja cha Kiingereza

Kitenzi cha Kiingereza "run" hufundishwa shuleni kwa maana ya kukimbia, na mwanafunzi hutoka darasani akiamini kuwa amekimaliza, ilhali Peter Gilliver, mmoja wa wahariri wa kamusi kuu ya Oxford, alitumia takribani miezi tisa kukichambua hicho kimoja tu na kukipatia maana 645. Shule hutoa maana moja. 644 zilizobaki mtu huzipata ukubwani, tena hadharani.

Anayetilia shaka kauli hiyo na amwulize mwandishi wa insha hii, aliyetwishwa ukalimani wiki iliyopita katika mkutano wa kijiji. Fundi mgeni alikitumia kitenzi hicho kueleza kuwa pampu ya kisima inafanya kazi bila kusita tangu asubuhi, naye mkalimani, kwa sauti ya kujiamini, akatangaza kuwa pampu imekimbia tangu asubuhi. Kwa kuwa pampu ya awali iliibwa usiku, hakuna aliyeishangaa habari hiyo: vijana wawili waliwasha pikipiki, mhazini akaukumbatia mkoba wa michango, na mzee aliyeketi mbele, kiganja kikiwa nyuma ya sikio, akauliza kwa upole, "Imekimbilia wapi, mwanangu?" Muda wote huo pampu yenyewe ilikuwa ikinguruma nyuma ya mwembe, na mgeni akitabasamu kwa kudhani kuwa kijiji kimefurahi.

Chanzo cha balaa hili kinavutia. Kiingereza hukitazama kila kinachokwenda bila kukoma kana kwamba kina miguu, hivyo mto, injini, pua yenye mafua na rangi ya kitambaa vyote hutimua mbio kwa kitenzi kimoja, ilhali katika Kiswahili mto hutiririka, injini hunguruma, kamasi humtoka mtu na kitenge huchuja. Penye kusimamia duka au shirika hutumika "endesha", yaani "enda" katika kauli ya kutendesha, ambayo huonyesha kuwa mtu amesababisha kitu kingine kitende. Lakini kitenzi hicho kikikosa yambwa, yaani kitu kinachotendwa, maana hushukia tumboni, na mkalimani yuleyule aliwahi kuutangazia ukumbi mzima kuwa mkurugenzi anaendesha.

Katika siasa, anayetaka kura Marekani hukimbia, wa Uingereza husimama, na Mswahili hugombea, neno linalotokana na "gomba" katika kauli ya kutendea, yaani kuteta kwa ajili ya kitu. Hapo Kiswahili ndicho kisemacho kweli.

Hata hivyo, aibu haigawanywi kwa haki. Kiswahili nacho kina "piga", ambacho kwacho watu hupiga simu, pasi, mswaki na chafya pasipo mtu kuumia, lakini mgeni akikivuruga hupigiwa makofi na kusifiwa kwa kujitahidi. Kijana wa kijiji hicho, aliyesoma sekondari yote kwa Kiingereza, akikosea kitenzi kimoja katika usaili huhesabiwa kuwa hana elimu, hata kama aliulizwa habari za mabomba anayoyafungua na kuyafunga kila siku kwa mikono yake.

Usaili wa mafundi wa maji na ufanywe kwa lugha ya wanaoyanywa. Pampu ipo, inafanya kazi. Mzee ameikagua mwenyewe, nyuma ya mwembe.