Shajara ya Mizani, Thika

Jumatatu. Skripti ya kujumlisha uzito wa malori imegoma. Python inadai hakuna moduli iitwayo mizani. Moduli ipo, folda moja na skripti. Windows huficha mikia ya majina ya faili, na kijana wa zamu ya usiku aliihifadhi kwa Notepad, ikawa mizani.py.txt. Mkia umekatwa. Chai ya saa nne imenipita.

Jumanne. Stima imepotea. Makongeni, kwa mujibu wa wanaoishi huko, ipo. Nimesoma mwongozo kwenye karatasi. Ukiacha moduli zilizojengewa ndani yake, Python huanza kutafuta kwenye folda ya skripti yenyewe, ikaenda kwenye folda zilizoorodheshwa katika PYTHONPATH, kisha maktaba yake ya kawaida, mwisho vifurushi vilivyosakinishwa. Lugha hii ilitoka 1991, imenizidi umri, nayo ina tabia za wazee: ikipata jibu la kwanza haitafuti la pili.

Jumatano. Mwanafunzi wa atachimenti ameweka mazoezi yake kwenye folda yetu na kuyaita csv.py. Skripti yangu ilipoita csv ya maktaba, ikapewa ya mwanafunzi. Kuita moduli ni kuiendesha, kwa hiyo kompyuta ya getini iliuliza, "Jina lako nani?" Karani wa mizani, mtu mtiifu, akaandika jina lake. Ikauliza umri. Akaandika. Ikamwambia atafikisha miaka 100 mwaka gani, kisha ikaanguka, kwa kuwa csv hiyo haina reader ambayo skripti yangu iliitegemea. Foleni ya malori ilikuwa imefika barabarani. Karani alitaka kujua kama taarifa hizo zinakwenda kwa mkurugenzi.

Alhamisi. Mwanafunzi amelibadilisha jina: mazoezi-csv.py. Sasa hakuna skripti inayoweza kuliita kwa njia ya kawaida, maana kistari hicho Python hukisoma kama alama ya kutoa. "Inatoa nini kwa nini, bosi?" Nimemwelekeza kwenye kistari cha chini.

Ijumaa. Meneja ameagiza moduli zote zihamie folda moja "ili kila mtu afaidike". Nimeiandika folda mpya kwenye PYTHONPATH ya mashine ya getini. Dirisha la amri lililofunguliwa kabla halipati habari hizo. Lazima lifungwe, lifunguliwe jingine. Karani amekataa kulifunga kabla lori lililo juu ya mizani halijashuka. Dereva ameenda kula.